Kona na Magari Mabubu

Kona alishika usukani wa lori kabla ndevu hazijamwota, akauachia zikiwa zimejaa mvi, na katika umri wake wote hakuwahi kupokelewa na mtu aliyekuja kwa miguu. Kwa hiyo siku alipofika ughaibuni kumtembelea binti yake, baada ya kukumbatiana na kupeana pole za safari nje ya uwanja wa ndege, aliangaza macho kwenye maegesho yale makubwa akauliza:

"Haya, gari letu ni lipi?"

Binti akamtazama mumewe. Mume akatazama viatu vyake.

"Hatuna gari, baba."

"Liko gereji?"

"Hatuna kabisa. Hatujawahi kuwa nalo."

Kona akacheka, kicheko kilichowageuza watu vichwa mpaka upande wa pili wa barabara. Alipoona hakuna anayecheka naye, akafunga mdomo. Binti yake alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali kubwa. Mkwe wake alikuwa fundi wa kufunga paneli za sola juu ya mapaa. Watu wawili, mishahara miwili, mtoto mmoja, halafu hawana hata kigari cha kubebea vitunguu! Na yeye nyumbani alikwisha kuwatambia madereva wenzake, wale waliompa jina hilo la Kona kwa jinsi alivyokuwa akikata kona za milimani, kwamba mwanawe huko aliko anaendesha gari lake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijitungia, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa dereva atapanda nini?

"Mmefilisika?" akamnong'oneza binti yake. Angalau yeye alidhani ananong'ona. Mlinzi wa mlangoni aligeuka kuwatazama.

Walipanda treni. Kona alikaa amekunja mikono, mzigo katikati ya magoti, kama mtu anayepelekwa polisi kuandika maelezo. Mkwe alijaribu kumweleza kwamba katika mji ule gari ni mzigo kuliko msaada, na Kona akaitikia "ndiyo, ndiyo," kama alivyozoea kuitikia siku zile, maneno mengine yakiingia na mengine yakipita juu ya kichwa. Binti akamsogelea akarudia kwa sauti kubwa: treni hii inakwenda kwa umeme, na umeme wenyewe unatokana na upepo.

"Upepo?" Kona akaushika ukingo wa kiti. "Na upepo ukilala, sisi tunalala hapa hapa?"

Hayo yalikuwa ya siku ya kwanza. Jumamosi yake mkwe alitoa chini ya ngazi baiskeli ndefu ambayo Kona hajapata kuona mfano wake, ina sanduku la mbao mbele na betri chini ya kiti.

"Panda, baba, twende sokoni."

"Nipande wapi?"

"Kwenye sanduku. Wewe na Kasuku."

Kasuku ndiye mjukuu, msichana wa darasa la pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua Jumapili. Alikuwa ameshaingia sandukuni, anapigapiga ubao kumwonyesha babu mahali pa kukaa. Kona alikuwa amebeba saruji, nondo, mbolea, na wakati mmoja daraja zima la chuma lililokatwa vipande. Leo alikaa ndani ya sanduku, magoti yakigusa kidevu, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Akajifariji kwamba angalau hakuna anayemjua. Hakujua kwamba Kasuku alikwisha kumpiga picha kwa simu ya baba yake, na kabla hawajafika sokoni picha ilikuwa imemfikia bibi nyumbani. Penye mlima Kona aligeuka nyuma kuona ni nani anayewasukuma. Hakuona mtu. Mkwe alikuwa juu ya kiti, hatoki hata jasho, anapiga mluzi.

Lakini lililomtoa chakula mdomoni lilikuwa la jirani wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu wa posta aliyekuwa na gari la umeme. Kona alimtuma Kasuku kumwomba amwonyeshe injini. Mzee akafungua boneti kwa furaha. Ndani palikuwa safi kama kabati jipya. Palikuwa na mwavuli, na gunia dogo la viazi.

Kona akarudi nyuma hatua mbili, mkono kichwani.

"Kasuku, mwambie mzee wa watu ameibiwa! Wameing'oa injini yote!"

Kasuku alipotafsiri, mstaafu wa posta alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Baadaye mkwe alimwonyesha kwenye picha: mota yenyewe ni kitu cha ukubwa wa sufuria, imejificha huko chini karibu na magurudumu. Hakuna pistoni. Hakuna nozeli. Oili ya injini haibadilishwi, kwa sababu injini haipo. Jioni ile Kona alisukuma sahani pembeni. Elimu yake yote, ile aliyoipata kwa kuungua vidole na kulala chini ya lori mvuani, ilikuwa imetolewa, na mahali pake pakawekwa viazi.

Hata hivyo, lililomkera kuliko yote ni ule ukimya. Magari yalipita mbele yake kama vivuli. Mabasi yalisimama kituoni, milango ikafunguka, watu wakashuka, yote hayo kama picha ya televisheni iliyoondolewa sauti.

"Gari bubu ni nyoka," aliwaambia mezani. "Tena afadhali nyoka, yeye husikika majanini. Siku moja litameza mtu."

Wakamkubalia. Nani asiyejua kwamba magari ya umeme hayana kelele? Mkwe alisema ndivyo yalivyo, binti akasema utazoea, baba. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipopata mahali pazuri pa kujificha.

Alasiri moja Kona alikwenda kumchukua Kasuku shuleni, kazi aliyokuwa ameizoea na kuipenda. Walikuwa wakirudi kwa miguu, mtoto akieleza habari za mwenzake aliyemeza gundi, Kona akiitikia ndiyo, ndiyo. Penye kivuko karibu na kituo cha mabasi alitazama upande mmoja, akasikiliza upande wa pili kama alivyofanya maisha yake yote, akashuka barabarani.

Alichohisi kwanza ni koti kumkaba shingo. Kasuku alikuwa amelidaka kwa nyuma kwa mikono yote miwili na kujitupa chini kama anayevuta kamba. Kisha upepo ukampiga Kona usoni, kofia ikaruka, na ukuta wa bluu ukasimama mbele ya pua yake. Lilikuwa basi. Liko pale. Halikuja, halikukaribia, lilitokea tu, kama lililoota kutoka kwenye lami.

Dereva akashuka mbio. Alikuwa mwanamke wa makamo, uso umemwisha damu. Kona naye aliogopa, na mtu mzima akiogopa mbele ya watu hukimbilia hasira.

"Nilisema mimi!" alinguruma. "Nilisema haya magari ni ya kuua! Kasuku, mwambie! Mwambie mimi nimeendesha lori nusu ya dunia na sijawahi kumvizia mtu! Gari gani hili lisilo na sauti?"

Kasuku aliinuka, goti limechubuka. Akazungumza na dereva, dereva akajibu maneno mengi akionyesha basi, akionyesha masikio. Mtoto akamgeukia babu yake. Kwa mara ya kwanza tangu Kona amjue, alisita kusema.

"Babu, anasema alipiga honi."

"Uongo."

"Alipiga, babu. Ndefu, nyembamba. Na mimi nilikuita. Nilikuita sana."

"Basi angalau..."

"Na basi linaimba, babu. Yote yanaimba yakienda polepole, ili watu wayasikie. Linafanya hivi." Akakusanya midomo akatoa mlio mwembamba unaopanda na kushuka. "Huwa hulisikii?"

Kona akatazama watu waliokuwa kituoni. Walikuwa wakimtazama kwa huruma, si kwa hasira. Dereva, ambaye hakuelewa wanachosema ila alielewa uso wa mzee, alirudi ndani, akaliondoa basi taratibu kulisogeza pembeni. Kona akakaza macho na masikio. Kikongwe mmoja aliyekuwa ameinama akitafuta kitu kwenye mkoba wake akainua kichwa kulitazama basi lilipoanza tu kusogea. Mtoto mchanga kwenye kigari akageuza uso. Mbwa akasimamisha masikio. Kituo kizima, mtu na mnyama, walikuwa wakisikia kitu.

Yeye hakusikia chochote.

Hakukumbuka kuokota kofia, aliletewa. Walipofika mlangoni mwa nyumba ndipo akapata sauti.

"Kasuku, mama yako tusimwambie."

"Babu, mimi siwezi," mtoto akasema kwa masikitiko ya kweli. "Mdomo wangu unavuja."

Ulivuja kabla ya viatu kuvuliwa. Wakati binti akilisafisha goti la mtoto, Kona alijifungia bafuni. Akafungua bomba kidogo, akatega sikio. Kimya. Akaisogeza saa yake ya mkononi sikioni. Kimya. Akavunja vidole, akakwaruza ukuta, akapuliza mluzi. Midomo ilimwambia anapiga mluzi, masikio yakakana. Ndipo akakumbuka kwamba tangu afike alikuwa akijiuliza kwa nini nchi ile haina ndege asubuhi. Halafu akakumbuka kwamba hata nyumbani ndege walikuwa wamehama miaka mingi. Alisema ni kwa sababu ya jirani aliyekata miti.

Daktari wa masikio alikuwa kijana mpole. Alimweka Kona katika chumba kidogo chenye kuta laini, akamvisha spika za masikioni, akampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Binti akakaa pembeni, karibu na kioo, aweze kuona taa inavyowaka kila mlio unapotolewa. Kona aliweka kidole tayari, kama dereva anayengoja geti lifunguliwe. Akangoja. Akangoja. Mwishowe akamgeukia binti yake amuulize wataanza lini, akamkuta anafuta machozi.

Walikuwa wameanza zamani.

"Ni lori, baba," binti alimweleza baadaye, akitafsiri maneno ya daktari kwa sauti kubwa. "Mngurumo wa injini na upepo wa dirishani. Sikio la upande wa dirisha ndilo baya zaidi. Sauti nene unazisikia bado. Nyembamba ndizo zilizokwenda. Ndege, kengele, sauti za watoto. Sauti za wanawake, hasa kwenye simu. Unasikia kwamba mtu anaongea, husikii anachosema."

Kona alishindwa kuinua uso. Injini aliyoipenda, aliyoijua kwa sauti yake kuliko alivyowajua wanawe, ilikuwa ikimla masikio huku akiisikiliza.

Siku alipopewa vifaa vya kusikia, viwili vidogo kama maharage, alishtuka mpaka akashika meza. Koti lake lilikuwa na kelele! Karatasi ya daktari ilitatarika kama moto wa makuti. Nyumbani aliuliza ni nani anayeunguruma jikoni, akaambiwa ni friji, siku zote huwa hivyo. Kasuku alikuja mbio kutoka chumbani, "Babu, sasa unasikia? Unasikia sasa?" na Kona akabaki mdomo wazi. Mjukuu wake alikuwa na kithembe. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka, kila "s" ikipita na upepo wake, na yeye aliyekaa naye wiki na wiki, aliyeshikana naye mkono kila siku kutoka shule, alikuwa hajui mtoto anaongeaje.

Usiku vifaa vililala kwenye kikasha chao vikichaji kando ya simu. Mkwe akamgonga bega. "Karibu chamani, baba. Sasa na wewe unatumia umeme." Kona alicheka, safari hii kwa sauti ya kawaida, na binti aliyekuwa akiosha vyombo akageuka kumtazama baba yake kwa mshangao, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba anacho kicheko cha namna hiyo.

Jumapili mkewe alipiga simu. Kona akaenda kuipokelea kwenye roshani kama kawaida yake. Sauti ya mke ilimwingia safi kabisa, na mkwaruzo wake ule wa asubuhi, hata akashindwa kuitikia.

"Mzee wangu, leo mbona unapumua tu?"

"Nakusikiliza."

"Haya. Basi lori limeshaondoka, walikuja kulichukua jana. Limewaka kwa taabu."

"Lori gani?"

"Lori gani tena? Lako."

"Limechukuliwa na nani?"

"Na mnunuzi, baba watoto! Si nilikwambia? Nikakuuliza mara mbili, lile lori la uani linaota kutu bure, tuliuze tuweke sola kwenye mashine ya kusaga? Ukasema, 'Ndiyo, ndiyo, mama, fanya unavyoona.' Nikafanya nilivyoona, mnunuzi akalipa mapema. Sasa nasaga kwa jua. Hata moshi hakuna, wateja wananiuliza kama kweli inasaga."

Kona akashika chuma cha roshani. Lori lile ndilo lililowasomesha watoto. Tangu astaafu lilikuwa limesimama uani, na kila wiki aliliwasha, si kwenda popote, bali kukaa ndani yake na kulisikiliza tu. Alitaka kufoka. Hasira ilipanda mpaka kooni, ikamkuta mwenyewe amesimama pale: mdomo uliosema ndiyo ni wake.

"Mke wangu," akasema polepole, "nilikuwa sisikii."

"Mtandao ulikuwa mbaya?"

"Si mtandao. Ni masikio." Akamweleza yote, basi, bafuni, kile chumba cha daktari. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya, na sasa alikuwa na uwezo wa kusikia ni kimya cha namna gani.

"Subiri," mkewe akasema. "Kwa hiyo siku ile nilipokupigia ninalia?"

"Ulikuwa unalia?"

"Nilipokwambia habari za utingo wako?"

"Habari gani?"

"Ngoja nikae." Kiti kikalia. "Amefariki, mume wangu. Alianguka tu shambani. Nilikwambia siku ile ile, kabla ya mazishi. Ukanijibu, 'Vizuri sana, msalimie.'"

Kona alikaa chini, palepale sakafuni. Utingo huyo alipanda lori lake akiwa kijana hajui hata kufunga turubai, akashuka akiwa na wajukuu. Walikuwa wamelala chini ya turubai moja, wamekula sufuria moja, wameugua homa moja kwenye mpaka uliofungwa wakifutana jasho kwa zamu. Kona hakuwa na kaka aliyekuwa karibu hivyo.

"Msalimie," akarudia.

"Nilidhani umechanganyikiwa kwa uchungu. Halafu nikadhani huko umekuwa mtu mwingine. Sikukuuliza tena, niliogopa jibu."

Binti alimkuta bado yuko sakafuni. Aliposikia, akajishika kifua. "Lakini mimi nilikupa pole, baba! Mama aliniambia, nikaja jikoni nikakupa pole. Ukasema, 'Aa, tumeshazoea.'"

"Nilidhani unanipa pole ya baridi," Kona akasema.

Mkwe alileta maji, akayashika mwenyewe, akasahau kumpa. Kona alikaa muda mrefu akihesabu ndani ya kichwa chake si siku, bali watu: nani mwingine alimwambia nini, naye akamjibu ndiyo, ndiyo. Mwisho akaomba simu. Binti alimwambia apumzike kwanza. Akakataa kwa kichwa.

Mjane wa utingo alipokea baada ya simu kuita sana.

"Shemeji," Kona akasema. "Ni mimi."

"Najua ni wewe." Sauti ilikuwa kavu.

"Shemeji, nimesikia leo. Leo hii. Waliponiambia mwanzo masikio yangu yalikuwa yamekufa, sikuwa najua. Nilijibu upuuzi. Sijamlilia ndugu yangu, shemeji. Sikujua kama kuna wa kumlilia."

Alimsikia akivuta pumzi. Alisikia jogoo nyuma yake, na mtu akitwanga kitu mbali.

"Walinifikishia salamu zako," mjane akasema. "'Msalimie.' Watu walikasirika sana, shemeji. Wengine walisema jina lako lisitajwe tena hapa. Mimi nilikuwa mbele ya jeneza, nikacheka. Kilio chote kile, nikacheka peke yangu. Nikajiambia, huyu Kona hata kifo anakitania, na mwenzake angesikia angecheka zaidi. Kisha usiku nikakuchukia."

"Una haki."

"Kwa hiyo hujui hata alivyokufa?"

"Sijui kitu, shemeji. Nieleze."

"Ni maneno marefu."

"Nieleze yote."

Mjane akamwita mtu aje aangalie jiko. Mlango ukafungwa, jogoo akapungua sauti. Kona akajiegemeza ukutani, akaibadili simu kwenda sikio lililo zima zaidi, na mwanamke yule akaanza kumweleza kuanzia asubuhi ya siku ile, walivyoamka.